Dirisha Aliloliacha Zege

Usininyanyulie nyusi. Nakujua wewe, ukisikia jambo dogo tu unavuta mdomo kama mtu aliyeonja dawa. Unabisha nini? Kwamba umeme ulikaa wiki na wiki bila kukatika? Nenda kabishane na kampuni ya umeme, labda waliokuwa zamu walipitiwa na usingizi. Au unabisha kwamba mwanamke wa umri wangu, aliyeishia darasa la saba, anaweza kukaa mbele ya televisheni akapanga matofali ya kwenye kioo? Basi bisha. Nitaeleza hivyo hivyo, na wewe bisha ukiwa umekaa, maana ukisimama unanizibia mwanga.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu la mbao, limeegemea ukuta wa duka la kutengeneza saa. Duka ni la mume wangu. Mtaa mzima unamwita Majira, hata mimi. Mlangoni naweka jiko na birika langu, nauza kahawa, na wanywaji ni walewale kama nzi wa jana. Yupo Zege, fundi mwashi, mikono imekauka kama mfuko wa saruji. Yupo Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata kwa ndoto. Alikuwa mbeba mafaili mahakamani mpaka akastaafu, sheria ikamwambukiza kama mafua. Na yupo Pasi, dobi wa chumba cha pili, mdogo wao kwa umri, anayeamini kila anachosikia na nusu ya anachoota.

Sasa habari ya gemu. Siku hizi watu saa zao wanazo kwenye simu, kwa hiyo kazi ya Majira ilipungua, akawa anapokea chochote chenye skrubu. Mtu mmoja akamletea mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti, imekufa kabisa. Majira akaifufua. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Majira akaiunga kwenye TV ya chogo iliyokuwa mezani kwake, na huo ndio ukawa mwisho wa adabu mtaani. Gemu ni moja tu. Vipande vinadondoka kutoka juu, vingine vimenyooka, vingine vimepinda, nawe unavisogeza na kuvigeuza vikae sawasawa chini. Mstari ukijaa ukutani hadi ukutani, unafutika. Ukiacha matundu, vinarundikana mpaka juu, umekwisha. Basi, ndiyo hayo. Watu wazima na mvi zao wakawa wanalipigia kelele kuliko mpira. Kile kirefu Zege alikiita nondo. Kilichopinda Wakili alikiita shahidi wa uongo. Na bingwa wao alikuwa Majira, hakuna aliyemkaribia.

Siku aliyokuwa anacheza vizuri kuliko siku zote, mkono wake wa kulia ukaanguka. Kiharusi. Kabla hajalala juu ya meza, kidole gumba cha kushoto kikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Huyo ndiye mume wangu: mwili unamtoka, yeye anaokoa gemu. Nondo ikabaki inaning'inia katikati ya kioo.

Hospitali wakanirudishia. Mguu umepona karibu wote, mdomo umepona wote, kwa bahati mbaya. Mkono bado. Akaingia chumbani, nyuma ya ukuta wa mbao unaotenga duka na kitanda chetu, akasema hataki kuonwa na mtu. Wenzake wakipiga hodi anawajibu kupitia mbao: "Nikipona nitatoka. Gemu langu liacheni palepale, nitalimalizia." Na ile mashine haina kumbukumbu, ukiizima, kila kitu kimepotea. Basi ikaachwa inawaka usiku na mchana. Pasi akaleta kitambaa cheupe alichokinyoosha mwenyewe, wakaifunika TV kama bibi harusi.

Daktari aliniambia neno moja. "Mama, huyu asilale. Akae na watu, aushughulishe ule mkono. Kitanda ndicho kitakachommaliza." Nikampelekea Majira neno hilo kama lilivyo. Akageukia ukutani, akasema, "Nikipona." Nikaona hapa nina mgonjwa anayelingoja gemu, gemu linalomngoja mgonjwa, na mimi katikati nimeshika bakuli la supu.

Ndipo siku moja, adhuhuri, gari la matangazo likapita: umeme utakatwa saa nane mchana, wanabadilisha nguzo. Gari halijakunja kona, benchi tayari limeshika moto.

ZEGE: Jamani, mmesikia?

WAKILI: Tumesikia. Tangazo halali, limetolewa hadharani mbele ya mashahidi.

PASI: Na gemu la Mzee Majira je?

Wote wakageuka kutazama kile kitambaa cheupe. Hata kahawa wakaisahau.

ZEGE: Naleta betri la gari. Tunaunga waya, nguzo zao wazibadilishe mpaka kesho kutwa.

MIMI: Hakuna betri litakaloingia dukani mwangu.

ZEGE: Shemeji, ni kwa muda mfupi tu.

MIMI: Mara ya mwisho ulipounga waya hapa, redio ya mteja ilitoa moshi kabla ya kutoa habari. Nimesema hapana.

WAKILI: Shemeji yuko sahihi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hivi vipande vinatoka juu, kwa hiyo mwenye kuvitaka sharti asimame.

ZEGE: Inahusu nini hapo?

WAKILI: Inahusu kusimama. Gemu limesimama. Kisheria hii ni kesi iliyoahirishwa. Mlalamikaji Majira, walalamikiwa vipande. Mlalamikaji hayupo, hakuna wa kuisikiliza.

PASI: Na umeme ukikatika?

WAKILI: Kesi imefutwa.

ZEGE: Nani kaifuta?

WAKILI: Fundi wa nguzo.

ZEGE: Tangu lini fundi wa nguzo akawa hakimu?

WAKILI: Tangu saa nane mchana wa leo.

Zege akapiga goti lake kwa kiganja, vumbi likaruka mpaka kwenye vikombe vyangu.

ZEGE: Sikilizeni. Ninyi hamjui kazi. Ukuta ukiachwa nusu unaliwa na mvua. Unaanza kumomonyoka kwa juu, halafu unaukuta umelala. Mimi nawaambia, lile gemu lililosimama linadhuru. Lile ghorofa la kona pale, lilikwama lini?

PASI: Zamani kidogo.

ZEGE: Lilikwama lini na Majira kaugua lini?

WAKILI: Lilikwama mwaka mzima kabla ya Majira kuugua.

ZEGE: Si ndiyo! Kabla kidogo tu. Linajua. Haya mambo yanafuatana.

WAKILI: Yaani gemu lilisimamisha ghorofa kabla halijasimama lenyewe?

ZEGE: Dalili ya mvua ni mawingu, bwana.

PASI: Mimi nina neno, lakini naogopa kulisema.

MIMI: Basi usiliseme.

PASI: Nitalisema tu, Mama. Mkono wa Mzee ulianguka wakati gani? Wakati uleule nondo iliposimama. Sasa nondo haijaanguka, iko hewani. Mkono umekwenda wapi? Uko humo. Uko ndani ya TV. Umeshika ile nondo. Ndiyo maana haishuki.

ZEGE: Toba!

PASI: Aliye juu mngoje chini. Sasa umeme ukikatika, giza likaingia humo ndani na mkono bado umo...

WAKILI: Unabaki kizuizini.

PASI: Milele!

MIMI: Semeni polepole, nyie. Ukuta huu ni mbao tupu. Anasikia hata mnavyomeza.

Wakanong'ona. Nao kunong'ona kwao ni kama kuku waliofungiwa kwenye tenga. Ukikaa upande wa pili unasikia vizuri zaidi. Kisha wakasahau, sauti zikapanda tena.

WAKILI: Twende kwa utaratibu. Mtu aingie akamweleze mwenyewe. Akubali, akatae, tumwachie.

ZEGE: Ingia wewe.

WAKILI: Mimi nilikwenda juzi.

ZEGE: Ulikwenda mpaka wapi?

WAKILI: Mpaka kwenye mlango wa chumba. Nikasema hodi. Akasema nikipona. Nikarudi.

ZEGE: Na mimi nilikwenda. Nikasikia anakohoa, nikaona labda amelala.

PASI: Anayelala hakohoi, Mzee Zege.

ZEGE: Wewe ulikwenda?

PASI: Mimi namfulia shuka. Shuka zake nazijua kuliko ninyi mnavyomjua.

Hapo nikawatazama mmoja mmoja. Sikuwaonea huruma, usidhani. Wanaume watatu wameoga, wamekula, wana miguu yote miwili kila mmoja, wanaogopa mlango ambao mimi naingia na kutoka siku nzima na beseni mkononi. Lakini niliona kwamba hawamtoroki. Walikuwa wanakuja kila asubuhi kukaa mgongo kwa mgongo na ukuta aliolala nyuma yake. Kahawa yangu si tamu kiasi hicho, nakwambia ukweli.

Hapo ndipo nikapata wazo langu.

MIMI: Kama mnaona gemu litakufa, limalizeni wenyewe kabla ya saa nane. Afadhali life mikononi mwa watu.

WAKILI: Shemeji! Hilo ni shauri zito. Nani acheze?

MIMI: Zege.

ZEGE: Mimi?

MIMI: Matofali nani anayajua hapa? Wakili? Huyu tofali amelijua kwa kujikwaa.

PASI: Mama kasema kweli. Mpeni fundi kazi ya fundi.

WAKILI: Lakini Zege hajawahi kushika pedi ya kuchezea. Yeye siku zote ni mshauri.

ZEGE: Ninashauri kwa sababu naona! Hivi ujenzi wa kwenye kioo una nini cha kunishinda? Hakuna mchanga, hakuna maji, hakuna bosi.

Zege akanawa mikono kwa maji yangu ya kuoshea vikombe, akaingia dukani, akakaa kwenye kigoda cha Majira. Wakili akasimama nyuma yake. Pasi akatoa kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka begani. Nami nikaingia, nikasogeza stuli, nikaongeza sauti ya TV mpaka mwisho.

MIMI: Pasi, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Nisimulie kila kitu. Na usimulie kwa sauti.

Macho yangu hayana ugonjwa wowote, kwa taarifa yako.

ZEGE: Bismillahi. Kitufe ni kipi?

WAKILI: Hicho cha katikati.

Akabonyeza. Nondo iliyokuwa hewani wiki zote zile ikaanza kushuka, tik, tik, tik, kama saa.

PASI: Inashuka! Mama, nondo inashuka! Anaisogeza kushoto. Anaisogeza. Ameilaza! Ameilaza chini, haikusimama!

WAKILI: Zege, ilitakiwa isimame kwenye lile pengo la pembeni!

ZEGE: Nondo ya msingi inalazwa, bwana. Umeona wapi nondo ya msingi imesimama?

PASI: Kinakuja cha mraba! Mzee Zege amekiweka juu ya maungio. Kinakuja kingine! Nacho kakipandisha juu ya maungio!

ZEGE: Tofali la juu likae katikati ya mawili ya chini. Maungio yakifuatana, ukuta unapasuka. Hata mtoto wa shule anajua.

WAKILI: Humu ukuta haupasuki! Unatakiwa ujaze mstari ufutike!

ZEGE: Nijaze ufutike? Nijenge kitu kizuri halafu kifutike? Nani mwenye akili atafanya hivyo?

WAKILI: Ndilo gemu lenyewe!

ZEGE: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi kazi yangu ni kujenga ukuta, kwa hiyo sizibi.

PASI: Ameacha tundu! Mama, ameacha tundu katikati, kubwa, linaingia kichwa cha mtu!

ZEGE: Hilo si tundu. Hilo ni dirisha.

WAKILI: Dirisha!

ZEGE: Kwa ajili ya hewa. Watu watapumuaje humo ndani?

WAKILI: Watu gani?

PASI: Na sasa ameweka kirefu juu ya dirisha! Amelifunika!

ZEGE: Hiyo ni linta. Dirisha bila linta unaua watu.

Nakwambia, nimezaa, nimezika, nimehama nyumba sijui ngapi, lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama fundi mwashi mzima, jasho linamtiririka, anakataa kuharibu ukuta wake mbele ya mashine isiyo na masikio. Nikaegemeza mgongo kwenye ule ukuta wa mbao. Kitanda upande wa pili kikalia. Nikatulia.

PASI: Sasa anaacha na pengo la pembeni! Refu, mpaka chini!

ZEGE: Mlango.

WAKILI: Haba na haba hujaza kibaba, Zege! Kibaba kinajaa! Kikijaa humu umekufa!

ZEGE: Acha kijae, tutapaua!

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mbao. Si ile ya "nikipona." Ilikuwa ile ya zamani, ya kumfukuza mteja anayesema saa yake ilikuwa nzima alipoileta.

SAUTI: Dirisha la nani hilo?

Zege akaganda. Tik, tik, tik, kipande kikatua chenyewe mahali pabaya.

SAUTI: Nasema, dirisha la nani kwenye gemu langu?

PASI: La Mzee Zege!

SAUTI: Mwambie aweke kilichopinda pembeni! Pembeni! Afungue kwa juu! Ana mstari mmoja tu wa kufuta, tundu linafunguka lenyewe!

ZEGE: Nikifuta huo linta inaondoka!

SAUTI: Ndiyo iondoke! Ee Mungu, watanizika hawa, na kaburi langu wataliwekea dirisha!

Kitu kikaanguka chumbani. Pasi akaruka kwenda mlangoni, nikamshika shati. Nikamwambia, kaa. Tukasikia mguu unaburuzwa sakafuni, unasimama, unaburuzwa tena. Mlango wa chumba ukafunguka.

Majira alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia ubavuni. Hakuna aliyeutazama. Wote walitazama sakafu, dari, kahawa. Yeye hakuwaona hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

MAJIRA: Toka kwenye kigoda changu.

ZEGE: Karibu, Mzee. Nilikuwa nakutunzia.

MAJIRA: Umenitunzia! Umenijengea nyumba ya wageni humo.

Akaketi. Akanyakua pedi kwa mkono wa kushoto, akaibana kati ya magoti. Kidole gumba cha kushoto kikaanza kazi: kipande kushoto, kipande kulia, kushoto tena. Upesi, safi, kama hajawahi kuugua. Kikaja kile cha kupinda. Akakipeleka pembeni, palepale alipokuwa akiwaelekeza. Lakini kilikuja kimelala. Kilitakiwa kigeuzwe. Na kitufe cha kugeuza kiko upande wa kulia.

MAJIRA: Geuka.

Alikuwa anauambia mkono wake. Ule mkono ukakaa pajani kama samaki wa sokoni.

MAJIRA: Geuka, wewe!

Kipande kinashuka. Tik, tik. Zege alikuwa ameuma mdomo. Nikaona uso wa mume wangu unaanza kufunga, uleule uliokuwa unageukia ukutani kila nikiingia na supu. Kidogo tu angesimama arudi chumbani, na asingetoka tena.

Nikanyoosha mkono, nikaweka kidole gumba changu kwenye pedi.

MIMI: Kipi?

MAJIRA: Chekundu.

MIMI: Vyote vimechujuka rangi. Kipi?

MAJIRA: Cha mwisho, cha mwisho! Bonyeza!

Nikabonyeza. Kipande kikageuka hewani, kikatua, kikaingia kwenye nafasi yake kama jino. Mstari mzima ukawaka, ukafutika.

PASI: Linta imekwenda! Mama kaondoa linta!

ZEGE: Ukuta wangu...

MAJIRA: Kimya! Geuza!

MIMI: Nimegeuza!

MAJIRA: Mara moja, si mara mbili!

MIMI: Ulisema geuza, hukusema mara ngapi!

MAJIRA: Unachelewa, mke wangu.

MIMI: Nimechelewa mimi? Wewe umelala huko tangu mvua zianze, leo umetoka na shati la kombo unaniambia nachelewa? Sogeza hicho, kinatua!

MAJIRA: Nakisogeza! Geuza!

Tukaenda hivyo. Yeye anasogeza, mimi nageuza. Ananitukana, namtukana. Kidole changu kimezoea birika na kisu, lakini kikashika njia. Ikafika mahali hasemi tena "geuza"; anavuta pumzi tu, najua. Miaka yote hiyo ya kulala naye, pumzi zake nimezisoma bure, leo nikapata pa kuzitumia. Dirisha la Zege likafunguka, tukalijaza. Mlango wake tukautia nondo mbili, mistari ikafutika kwa mpigo, Pasi akapiga kelele mpaka kitambaa kikaanguka begani. Hata Zege akasimama kwenye kizingiti cha mlango, anashangilia kubomolewa kwa nyumba yake mwenyewe.

WAKILI: Pingamizi linakubaliwa! Kwa gharama!

ZEGE: Hii ni kazi! Hii ndiyo kazi! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kweli kulikuwa na mgeni. Mama mmoja ambaye hakuna aliyemwona akiingia, amekumbatia saa ya ukutani, ya mbao, kubwa kama mtoto wa kubebwa. Alikuja kutengenezewa saa, akakuta wazee wanapiga kelele na kurukaruka dukani. Akasimama akitazama, kichwa kaweka upande. Alingoja tupate nafasi ya kupumua, kwa adabu, kisha akauliza.

MAMA WA SAA: Samahanini, wazee wangu. Hivi, mtu akishinda inakuwaje?

PASI: Akishinda nini?

MAMA WA SAA: Hilo gemu. Naona mkipanga vizuri vinafutika, vinakuja vingine. Mkipanga tena vinafutika. Sasa mtu akishinda, inakuwaje?

Zege akamtazama Wakili. Wakili akafungua kinywa.

WAKILI: Kisheria...

Akakifunga. Pasi akatazama dari, kana kwamba jibu liko walikotoka vipande. Watu hawa wameshalikodolea macho gemu hili asubuhi, mchana na jioni, wamenuniana kwa ajili yake, wamepatana kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza linakwenda wapi. Wote wakamgeukia Majira, bingwa. Majira akawa anaendelea kusogeza, lakini polepole, kidole kikiwaza. Akafungua mdomo naye.

Umeme ukakatika.

Kioo kikavuta mwanga wake katikati, kikabaki na doa dogo, nalo likazimika. Ile mashine ilikuwa na mlio mwembamba ambao masikio yalishauzoea. Ulipoondoka ndipo tukajua ulikuwepo. Mama wa watu akaiweka saa yake juu ya meza taratibu, kama mtu aliyeingia msibani kwa kupotea njia.

ZEGE: Pole, Mzee.

MAJIRA: Ya nini? Gemu tu.

Akaniachia pedi. Akajifuta uso kwa mkono wa kushoto. Wenzake wakaanza kukusanyika karibu, mmoja anataka kumwekea kahawa, mwingine anataka kumfungua vifungo vya shati amfunge upya, hawajui waanzie wapi. Yeye akatazama mkono wake wa kulia, kwa mara ya kwanza mbele yao. Kisha akashika ukingo wa meza ajiinue.

MAJIRA: Haya. Limekwisha. Acha nikajinyooshe kidogo.

PASI: Mzee, kaa kwanza...

MAJIRA: Kidogo tu. Nikipona...

Sikumngoja amalize. Nikanyanyuka kabla yake, na magoti yangu haya unayoyaona, nikaingia chumbani. Nikang'oa shuka zote mbili. Nikauchukua mto na foronya yake. Nikachukua na blanketi, ingawa lilikuwa safi. Godoro nikalikunja, nikalisimamisha kwenye kona na kulifunga kwa kamba ya nguo. Kitanda kikabaki mbao tupu na misumari yake. Nikarudi dukani na furushi lote mikononi, nikamtupia Pasi.

MIMI: Fua. Zote. Na usizilete upesi.

PASI: Mama, zikaukie juani au...

MIMI: Nimesema usizilete upesi.

MAJIRA: Sasa wewe bibi, mimi nitalala wapi?

MIMI: Usiku hujafika.

MAJIRA: Nimechoka!

MIMI: Benchi lipo. Wenzako wapo. Na huyu mama saa yake haitembei, muulize ilianza lini.

Akanitazama. Nikamtazama. Zege na Wakili walikuwa wameshamshika Majira kila mmoja upande, nao wanabishana tayari nani akae kuliani kwake benchini. Nikageuka nikachungulia chumbani mara ya mwisho kuona kama nimesahau mto.

Sikuwa nimesahau. Nikatoka, nikafunga mlango.